Tatu Nukta Tisa kwenye Msalaba wa Palaguța

Jumatatu, 3 Juni

Palaguța wangu,

Leo nimegombana na kaka yako. Tena makaburini! Tena mbele ya Fundi Pătru, patasi mkononi.

Msalaba wako umeshachongwa. Umebaki kupakwa rangi na kuandikwa maneno. Nilimwambia Pătru akuchore ukiwa kwenye usukani wa gari letu la buluu, na chini aandike ulivyokuwa ukisema kila Jumapili watu wakitoka kanisani: gari hili linakula lita tatu nukta tisa kwa kilomita mia. Pătru hakuona neno. Alisema jirani yako wa kaburi la kushoto amechorwa pamoja na ng'ombe wake, na maziwa yaliyoandikwa pale hakuna aliyewahi kuyaona.

Kaka yako Găvrilă akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akasema mwaloni wa msalaba umetoka msituni kwake, na mwaloni wake hauandikwi uongo. Akasema, shemeji, gari lako linakunywa kuliko mpiga fidla harusini. Nikamjibu kwamba namba imepigwa chapa kwenye kitabu cha gari na watu waliosoma. Akasema waliosoma ndio wanaojua kuongopa kwa nukta.

Tukapatana hivi. Gari lipimwe barabarani kabla rangi haijapakwa Jumamosi. Likipata tatu nukta tisa, namba inaandikwa, na Găvrilă mwenyewe ataisoma kwa sauti kwenye arobaini yako, mbele ya ukoo mzima. Likishindwa, haiandikwi kamwe. Tukapeana mikono, tukanywa pombe kali ya horincă kidogo juu yake. Pătru alikunywa zaidi, ingawa hakuwa na ugomvi na mtu.

Namba yenyewe ninayoipata mimi ni sita nukta mbili. Sikumwambia.

Nakumbuka siku tulipolinunua. Ulikisoma kitabu cha gari kwa sauti palepale dukani, ukitafuna mbegu za alizeti. Ulipofika kwenye matumizi ya mafuta ukaacha kutafuna. Ukasoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma jina la mtoto mchanga. Basi jina hilo lazima liandikwe. Wewe hukuwa mwongo.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: wepesi.

Nimetoa kiti cha nyuma. Nimetoa tairi la akiba, jeki, mazulia, hata kisanduku cha majivu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama nahama. Mwavuli wako nimeuacha. Hauna uzito wowote.

Kisha matairi. Nimeyajaza upepo hadi yakawa magumu kama jibini la mwaka jana. Gari likaruka barabarani kama mbuzi. Kofia ilinitoka kichwani mara tatu na meno yangu ya chini sasa yanajua vizuri meno ya juu.

Nilijaza tangi hadi shingoni, nikaenda, nikarudi, nikajaza tena. Tano nukta tano!

Nilisimama pale kituo cha mafuta nikashangaa peke yangu. Kiti tu! Kiti na upepo! Kijana wa pampu aliniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia hapana, najisikia mwepesi.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu ya pili: kuudanganya upepo.

Nimeziba kila upenyo wa gari kwa utepe wa gundi: taa, milango, boneti. Vioo vya pembeni nimevikunja. Madirisha juu, kipoza hewa nimekizima. Nilitoka jasho kama niko kwenye tanuri la mkate. Mlango wangu nao niliuziba kwa ndani, kwa hiyo mjini ilinibidi nitokee dirishani. Mke wa padri alikuwa anapita. Alinisalimu kwa heshima.

Barabarani nikajibanza nyuma ya lori la nyasi kavu. Niliwahi kusikia kwamba anayefuata lori hazuiliwi na upepo. Kweli kabisa! Ila sikuambiwa habari ya nyasi. Nilipofika kijiji cha Vadu Izei sikuona barabara wala lori, na mbwa wawili walikimbia nyuma yangu wakidhani nimebeba malisho ya kondoo.

Tano nukta moja.

Jioni nikampigia simu Mărie, binti wa Găvrilă, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari Ujerumani. Nikamwuliza walioandika namba ile waliendesha barabara gani, niifuate. Alicheka hadi akaanza kukohoa. Akasema, Mjomba Toader, hawakwenda popote! Gari linaingizwa chumbani, linapandishwa juu ya magurudumu ya chuma, linafungwa. Linakimbia bila kuondoka. Hakuna upepo, hakuna kilima, hakuna abiria wala mzigo. Redio imezimwa, taa zimezimwa. Mashine inakadiria barabara. Namba inatoka humo, na magari ya zamani kama letu ndiyo yaliyopendelewa zaidi.

Akadhani nitakasirika. Mimi nilikaa chini, kwenye kile kiti cha nyuma kilichoko uani.

Fikiria, Palaguța! Chumba ambamo gari linakwenda kilomita mia na kubaki palepale. Hakuna mtu anayesubiri njiani, hakuna tope, hakuna anayepiga honi. Kumbe namba si ya uongo. Ipo, ila ipo mahali ambapo hakuna mtu anayeishi. Nikawaza kwamba labda wewe sasa umekaribia huko kuliko sisi. Kuku walikuja wakanizunguka na mimi nikaendelea kukaa.

Mărie alikuwa bado kwenye simu. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu ya tatu: mlima.

Kama barabara tambarare haitaki, basi mteremko! Nilipanda hadi kileleni mwa mlima Gutâi asubuhi, nikageuza gari, nikaanza kupimia pale. Kioo kidogo mbele ya usukani kinaonyesha matumizi. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Namba ikashuka. Mbili. Moja. Kisha sifuri nukta sifuri!

Sijui nikuelezeje. Misonobari inapita pande zote mbili, ukungu uko chini yangu kama maziwa kwenye bakuli, tani nzima ya chuma inateremka na haili kitu. Hata baba yangu hakuwahi kuwa na farasi wa namna hiyo. Nilivua kofia. Kwenye kona iliyofuata nikaona ni bora niushike usukani kwa mikono yote.

Nilipofika mjini Sighet kioo kilisema mbili nukta moja. Nikakipiga picha, nikaenda moja kwa moja kwa Găvrilă, alikuwa analundika nyasi kavu. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza mlimani nilipandishwa na nani, na malaika? Akauliza kupanda kulikula lita ngapi. Nikamwambia hewa ya juu ni nzuri sana. Akasema, ngapi, Toader? Tisa, nikasema, lakini kwa sauti ndogo.

Akatoa masharti yake. Kesho tunapima rasmi, yeye akiwa ndani. Kutoka Sighet kwenda Săcel na kurudi, bondeni, njia ya watu wote. Utepe wote utoke. Matairi yapunguzwe. Kiti cha nyuma kirudi mahali pake, gari liwe kama lilivyozaliwa.

Kiti hakikutaka kurudi, nimekilazimisha. Imebaki skrubu moja na sijui ni ya wapi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya hukumu.

Găvrilă alifika na suti ya msibani na kilo zake mia. Pale kwenye pampu alilisukasuka gari mwenyewe ili mafuta yajae hadi yaonekane. Tukaondoka. Niliendesha kama nimebeba mayai. Trekta lilitupita. Găvrilă akanitania kwamba dada yake atafufuka kabla hatujafika Săcel. Lakini kioo kilikuwa kinasema nne nukta mbili! Nne nukta moja! Nilikuwa nimebana pumzi. Bado kidogo, Palaguța!

Hapo Bârsana, pembeni mwa barabara, bibi mmoja akainua mkono.

Nilishaamua sitasimama kwa yeyote. Kusimama na kuondoka ndiko kunakomeza mafuta. Nikatazama mbele kama sikuona. Găvrilă akapiga ngumi kwenye dashibodi. Akafoka, simama wewe! Huyu ni Mama Nasta, ndiye aliyemwosha dada yangu!

Nikasimama. Mama Nasta akaingia na kapu la mikate ya arobaini yako, mikate ya kugawa kwa ajili ya roho yako, na ndoo ya jibini. Akaniuliza kwa nini nimekonda, akaniuliza nani ananifulia. Kisha akasema kila alipomwona Palaguța njiani hakuinua hata mkono, gari lilisimama lenyewe. Ulikuwa unarudi nyuma, akasema, ukimwona mtu kwenye kioo umeshampita.

Unarudi nyuma! Kwa gia ya nyuma! Unajua hiyo inakula kiasi gani?

Baada ya hapo nisingeweza kumpita mtu. Rozavlea tukampakia mama mwingine na magunia ya viazi vya mbegu. Șieu wa tatu, na jogoo ndani ya mfuko. Wote wanakujua. Mmoja alisema ulimpeleka hospitali kwenye theluji. Mwingine akasema ulikuwa unaendesha bila viatu na kuimba vibaya. Wakacheka, wakalia, wakamlisha Găvrilă jibini. Wakashuka Săcel. Wakati wa kurudi tuliwachukua tena, maana walikuwa wanatusubiri.

Sighet tukajaza. Găvrilă akatazama pampu, mimi nikatazama viatu vyangu.

Sita nukta tano.

Nilitegemea ataruka kwa furaha. Akakaa kwenye ukingo wa saruji kando ya pampu, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema polepole, shemeji, lita sita na nusu. Mimi naweza kuzibeba kwa ndoo moja. Na zimetubeba sisi sote, viazi, jibini na jogoo, kilomita mia na zaidi. Hebu fikiria mtu angetukokota!

Sote wawili tukaangalia lile gari kama tunaliona mara ya kwanza. Lilikuwa linatoa sauti ndogo za kupoa.

Namba haitaandikwa. Ahadi ni ahadi. Nisamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Pătru alikuwa na brashi tayari na rangi ya buluu. Akauliza basi aandike nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa namba tu.

Găvrilă ndiye aliyesema. Akamwambia akuchore kwenye usukani, na mlango wa upande wa abiria uwe wazi. Wazi kabisa, akasema, hata kama Pătru atalazimika kuutoa nje ya ubao. Pătru akanung'unika kwamba mlango ulio wazi ni mgumu kuchora. Kisha akauchora, na umetokea mzuri mno. Chini ameandika:

Ningali safarini, mimi Palaguța,
mtu wa njiani sikuwahi kumwacha.
Nawe upitaye, usipite hivi hivi,
ingia ukae, weka kapu lako hivi.

Nilimwambia mwishoni amerudia neno. Akasema wafu hawalalamiki, wanaolalamika ni waume zao.

Nilikaa pale hadi rangi ikauka. Nimeutazama mlango ule sana.

Jumatatu, 10 Juni

Arobaini ilikwenda vizuri jana. Watu wengi, sarmale za kabichi na nyama zilitosha, Găvrilă alisoma maneno ya msalaba kwa sauti na akashindwa mstari wa tatu. Nilimmalizia.

Lakini leo asubuhi, nikinyoa, nimegundua jambo! Nimejikata shavu kwa mshtuko.

Lita sita nukta tano. Ndani tulikuwa watu watano. Gawanya! Moja nukta tatu kwa kila mtu! Kitabu hakikutudanganya hata kidogo, kilikuwa na aibu. Gari letu ni bora kuliko lilivyoandikwa!

Nimekimbia kwa Pătru nikamwomba aandike 1.3 nyuma ya msalaba, padogo tu. Amesema hagusi chochote bila Găvrilă. Găvrilă amesema wale akina mama hawakupanda tangu Sighet, kwa hiyo hesabu ni batili, na jogoo nimemhesabu au la?

Sawa. Kesho tunarudia. Nimeshaongea na Mama Nasta, atalala kwa dada yake mjini ili tuanze naye kwenye pampu. Wenzake wawili wamekubali. Viazi vitabaki nyumbani. Nikipata mwembamba wa kukaa mahali pa Găvrilă naweza kushuka hadi moja nukta moja. Kiti cha nyuma nacho, nikifikiri vizuri, kina uzito wa bure. Wanaweza kukaa chini.

Unikumbuke, Palaguța.

Toader wako