Shamba Letu, Ng'ombe Wangu

Jumatatu, 9 Januari 1995
Magugu! Pamba haionekani. Wanunuzi binafsi wanakuja Kasoli msimu huu, nitawauzia magugu? Jirani yangu Bujiku aliita kikundi cha mzee Mayala, wakampalilia kwa ngoma, naye akawachinjia mbuzi, kama desturi inavyomtaka mwenye shamba. Mimi sina mbuzi. Nina Kipara, ng'ombe dume wangu pekee, ambaye nitambadilisha kwa baiskeli kule Lamadi. Kipara haguswi!

Jumanne, 10 Januari
Nina akili, jamani! Nimekumbuka somo la vimilikishi, darasa la sita. Nikisema "shamba langu", mwenyewe ni mimi, nalisha watu. Nikisema "shamba letu", mwenyewe hayupo! Enzi za ujamaa tulisema "letu" kila siku na hakuna aliyechinjiwa hata kuku. Nimemweleza mke wangu Mektilda. Akauliza kama nina homa.

Jumatano, 11 Januari
Kwa Mayala. Salamu kwanza, mwangaluka nyingi. Nikamwambia shamba letu limemezwa na magugu, pamba yetu inakufa, aibu yetu sote. Mzee akaguswa. Akauliza mara mbili kama kweli ni letu. Nikaapa! Nimerudi nikirukaruka kama ndama.

Ijumaa, 13 Januari
Wamekuja! Majembe, ngoma, hata Bujiku. Saa sita magugu kwisha. Nikapanda kichuguu, nikatangaza kwamba tumelima la kwetu, kila mtu akale kwake. Mayala akasema ni haki kabisa: shamba likiwa letu hakuna wa kutulisha, basi tujilishe wenyewe. Akaniuliza, kwa heshima zote, ng'ombe wetu tumemfunga wapi.

Nikapiga kelele kwamba yule ni wangu! Bujiku, mchokozi, akasema hata jembe lake lilikuwa lake mpaka leo asubuhi. Watu wakacheka, ngoma ikaanza upya. Mektilda ndiye aliyewaonyesha zizi. Mektilda! Nililia machozi ya kweli. Halafu nikala, maana ini lilikuwa tamu.

Jumapili, 15 Januari
Shamba safi, zizi tupu, baiskeli basi. Mektilda anasema ningeomba kwa adabu tu, Mayala angeridhika na majogoo. Hanielewi. Nimelichunguza kosa: kwenye "letu" na mimi nimo! Ndiyo maana gharama ilinikuta. Palizi ya pili ni mwezi ujao. Safari hii nitawaambia shamba ni lenu. Tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi, wasije wakanigeuka.