Bonge na Sahani ya Wizara

Kinyozi tunayemwita Redio alifika kijiweni gazeti likiwa kwapani.

"Sikieni! 'Wizara yafadhili mchezo wa kuigiza kuwafunza wananchi kubana matumizi.' Na picha ya Bonge hii hapa: 'Msanii akionyesha namna ya kubana matumizi.' Mbona mashavu yamejaa hivi?"

Bonge, fundi wa rangi, hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. Jina alilipata enzi za mwili. Tangu ujenzi usimame, limebaki jina tu.

"Walinipa nafasi ya baba mwenye busara," akasema. "Mke analeta wali na kuku, mimi nasukuma sahani, natamka, 'Mke wangu, tujinyime, taifa lisonge mbele.' Basi, makofi."

"Ukasukuma?"

"Mazoezini sahani ilikuwa tupu. Niliisukuma vizuri, hadi nikasifiwa. Siku yenyewe, wakubwa wamejaa mbele, ikaja inafuka moshi."

"Ehe?"

"Mkono ukaenda wenyewe."

"Mwenye njaa hana miiko," akasema Shangazi muuza kahawa, huku akimwongezea.

"Yule mke wa mchezo ananikanyaga mguu, mimi natafuna. Likabaki paja. Nikalifunga kwenye leso, nikasema, 'Hili la mtoto.' Hayo hayakuandikwa popote."

Redio akashusha gazeti. "Watu wakafanyaje?"

"Wakasimama wote. Wengine wanafuta macho."

"Na waziri?"

"Naye akasimama. Alidhani ndivyo mchezo ulivyo."

Hapo gari jeupe la wizara likasimama mbele ya benchi letu. Redio akakumbuka ghafla kwamba hajafungua duka. Mimi nikajisitiri kwa gazeti alilotuachia. Shangazi peke yake ndiye hakusogea.

Akashuka bwana mwenye tai.

"Wewe ndiye baba?"

"Nilikuwa," Bonge akajibu.

"Mheshimiwa amependa sana. Kasema mchezo uzungushwe nchi nzima, vile vile. Kula, paja, leso, mtoto. Usipunguze kitu."

Bonge akasimama huku akicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uanze. Akaanza kufunga kamba za viatu.

"Ila tunabana matumizi," bwana akaendelea. "Kuku atakuwa wa plastiki."

Bonge akazifungua zile kamba, akaketi.

"Basi, bosi wangu, hapo mtafute mwigizaji."