Zawadi Kafeli Mpira wa Vinyoya

Jamani, leo nimeaibika na sina wa kumlaumu. Nimemtafuta wa kumlaumu tangu saa saba mchana, nimemkosa. Naandika mwenyewe hapa kundini kabla hamjaletewa na mtu mwingine, maana Thamesmead hii ya London habari inapanda basi kabla yako.

Asubuhi ripoti ya Zawadi ikaingia kwenye simu. Mnamjua Zawadi wangu, yuko kidato cha sita, anaomba vyuo vya udaktari. (Mnamjua kwa sababu sijawapa nafasi ya kutomjua. Nyinyi ndio mlioanza kuniita Mama Daktari, mimi niliitika tu.) Biolojia A. Kemia A. Hesabu A. Nikapiga kigelegele na mswaki mdomoni. Nikateremka mstari wa mwisho. Mpira wa vinyoya: amefeli.

Nikasoma tena nikidhani ni ule ufa wa kioo cha simu. Ufa upo kweli, lakini haupiti pale.

Sasa huu mpira wa vinyoya ni somo la hiari. Kila Jumatano mchana watoto wa kidato cha tano na cha sita wanachagua kitu cha kuchangamsha mwili, Zawadi akachagua hicho. Mnapiga kidude kama kuku aliyenyonyolewa nusu, kinavuka wavu, mwenzako anakurudishia. Mtu anafelije hapo? Na wale wakubwa wa vyuo vya udaktari wakiona neno "amefeli", watauliza kafeli nini, au watatupa fomu kapuni? Fomu yenyewe shule inaituma Ijumaa. Leo Jumanne. Mimi nimeogesha wazee wa watu miaka yote hii ili huyu mtoto avae koti jeupe, halafu kuku wa plastiki atuzibie njia?

Nikamwita Zawadi. Akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake (Kiswahili anasikia chote, hasa kile asichotakiwa kusikia, ila kujibu hajibu) kwamba kilichomfelisha ni mahudhurio, nisijali, yeye ataongea na mwalimu.

"Utaongea nini wewe? Tunakwenda leo."

"Mum, please."

Nikabadilishana zamu kazini. Nikapiga simu shule, wakanipa saa saba. Halafu nikafanya kile ambacho yeyote kati yenu angefanya: nikamwambia mama yangu avae, twende wote. Jambo zito huliendei peke yako kama unaenda kununua chumvi. Unabeba mtu mzima. Mama yuko hapa mwezi wa tano sasa, kaja kutoka Morogoro kunitembelea, na nikajua mwalimu akiona mvi zile atalainika mwenyewe. Akavaa kitenge chake cha kanisani, juu yake koti langu jeusi la baridi, mkoba mapajani. Mtu mmoja, alionekana kamati nzima.

Ndani ya basi Zawadi akaanza. Kwani bibi lazima aje? Nikamwambia nyamaza. Baada ya vituo viwili: bibi hawezi kukaa mapokezi, kuna viti vizuri? Nikamkata jicho. Tulipokaribia kushuka akasema kuna kitu anataka kuniambia kabla hatujafika.

"Utaniambia tukitoka."

(Hilo neno mnichongee kwenye kibao nilitundike sebuleni.)

Mwalimu anaitwa Bwana Perkins. Nilitegemea mtu wa tai. Nikakuta kijana mrefu kavaa kaptula, mvua yote hii, filimbi shingoni. Kumbe ndiye mwalimu wa michezo na ndiye mlezi wa darasa la Zawadi. Akatukaribisha vizuri, akaleta chai na biskuti. Mama akachukua mbili, moja akaiweka kwenye mkoba.

Nikaanza. Nilikuwa nimejipanga tangu nyumbani. Nikamwambia mtoto wangu ana A tatu, sasa anataka kumzibia udaktari kwa sababu ya vinyoya? Mgonjwa akiletwa anavuja damu atamuuliza kama anajua kupiga raketi? Nikagonga meza kidogo. Kikombe cha mama kikacheza. Bwana Perkins alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole, huyu mama ni nani?

Nikatanua kifua. "Huyu ni mama yangu mzazi. Bibi yake Zawadi."

Akauliza, bibi mwingine? Wa upande wa baba?

"Hapana. Wa upande wa baba alishafariki hata Zawadi hajazaliwa. Bibi yake ni huyu, mmoja tu. Ndiye aliyemlea mpaka akaja huku."

Zawadi akafunika uso kwa mikono. Mimi bado sijaelewa. Nilidhani analia kwa uchungu wa matokeo.

Bwana Perkins akavuta droo, akatoa faili, akapanga karatasi tano mezani. Nilizitambua kabla hajazigeuza, kwa kile kichwa cha habari kilichopigiwa mistari miwili kwa rula. Mwandiko wangu. Anuani juu kulia, tarehe, YAH kwa herufi kubwa, "husika na kichwa cha habari hapo juu," yote nimeigeuza Kiingereza neno kwa neno kama nilivyofundishwa kidato cha pili. Barua za kumwombea Zawadi ruhusa ya Jumatano.

Msinihukumu haraka. Wangapi hapa mlisoma bweni? Michezo ilikuwa unachukua ED, kile cheti cha kusamehewa, kwa nesi, unakaa kivulini na daftari lako, wasio na la kusoma wanakimbia. Mimi nilikuwa na ED ya kichomi mwaka mzima na hakuna aliyeniuliza kichomi gani hicho. Nikaona na huku ni vilevile. Jumatano mchana Zawadi abaki maktaba asome kemia, tatizo liko wapi? Sikujua kwamba hawa watu wanatunza karatasi. Wanazisoma. Tena wanazikumbuka.

Barua ya kwanza, Zawadi anaumwa goti. Ya pili, bibi yake mpendwa yu mahututi. Ya tatu, bibi yake mpendwa amefariki kwa presha. Ya nne, arobaini ya bibi. Ya tano, bibi yake mpendwa amefariki kwa presha.

(Nilisahau kwamba nilishamuua.)

Mnaikumbuka ile chokoleti ya boksi kubwa niliyoipiga picha nikawaambia shule inamthamini Zawadi? Ilikuwa rambirambi. Ilikuja na kadi, darasa zima la vinyoya wamesaini. Kadi niliificha. Chokoleti aliimaliza marehemu mwenyewe akiangalia televisheni.

Bwana Perkins hakupandisha sauti, na hapo ndipo aliponimaliza. Akasema alama ya vinyoya haiendi popote, vyuo vya udaktari hata havitaiona. Kinachokwenda ni barua ya shule ya kumwelezea mwanafunzi, na hiyo anaiandika yeye. Akageuza kompyuta nione. Aya nzima. Kwamba msichana huyu amempoteza bibi aliyemlea, na bado hajatetereka, na moyo wa namna hiyo ndio anaouhitaji daktari. Akasema amekuwa akijivunia ile aya. Akamwangalia mama, aliyekuwa anachovya biskuti. Sasa ataandika nini, na Ijumaa ndiyo hiyo?

Hasira zote zikanitoka kama maji ya beseni. Nikabaki na mkoba wangu tu. Sikuwa nimewaza udaktari unaweza kumponyoka mtoto kwa kalamu yangu.

Mama akaniuliza, "Anasema nini huyo kijana?"

Nikamwambia anamsifia Zawadi.

Hapo ndipo Zawadi alipotoa uso kwenye mikono. Akasogeza kiti karibu na bibi yake, akamshika mkono, akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili. Kiswahili kisafi. Sijui amekificha wapi miaka yote hii.

"Bibi, nina habari mbaya kidogo, ila wewe ni mzima, usiogope. Mama aliandika shuleni kwamba umekufa. Mara mbili. Na mimi nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Mama akameza biskuti. Akafikiri.

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Presha sina. Na mara ya pili?"

"Presha tena."

Akanigeukia mimi polepole, mkoba na koti na kila kitu. "Ulishindwa hata kunitafutia ugonjwa mwingine?"

Bwana Perkins akauliza wanazungumza nini. Zawadi akamwambia kwa Kiingereza, lote, hakuruka neno. Hata chokoleti akaitaja. Akasema alikuwa anaipenda Jumatano ya vinyoya, na yeye ndiye aliyebeba zile barua kwa mkono wake, kwa hiyo kosa la kwake lipo.

Mwalimu akaifuta ile aya mbele yetu, mstari kwa mstari. Mimi moyo unakwenda nao. Kisha akaanza kuandika upya, akatusomea. Kwamba amemwona mwanafunzi huyu akimpa mtu mzima habari ngumu kuhusu afya yake mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, akiwa amemshika mkono, bila kuficha kitu wala kukwepa kosa lake. Akasema katika watoto wote aliowaandikia, hilo hajawahi kuliona kwa macho. Fomu itakwenda Ijumaa. Kuhusu kufeli, kumebaki palepale, na kuanzia kesho Zawadi hakosi Jumatano hata moja.

Mama akaomba kusema neno. Zawadi akatafsiri. Marehemu anashukuru kwa chokoleti, na kila Jumatano atakuja kukaa pale pembeni ya wavu, ili shule ihakikishe kwa macho kwamba yu hai.

Mimi sikuombwa kusema neno. Nilipewa zile barua tano nirudi nazo.

Kwenye basi walikaa kiti kimoja mbele yangu, wanacheka, wanachezea simu njia nzima. Nimekuja kujua sasa hivi walichokuwa wanafanya. Zawadi amemuunganisha bibi yake humu kundini. Angalieni orodha, yupo, ile picha ya kitenge.

Kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni huko huko majumbani kwenu, na pole za msiba msizitume humu, maana anasoma.

Shikamoo, mama.