Pua ya Marehemu Kwenye Kompyuta

Achieng, Wanjiru, Mwikali, wenzangu mliotawanyika: leo nimeaibika, tena mbele ya Omondi fundi wa viatu! Beatrice wa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, anaandika ninavyomwambia. (Anacheka. Sijui anaandika nini.)

Mnajua tangu Krismasi sijasikia neno kutoka kwa binti yangu Mwende. Vurugu za uchaguzi zilimkuta Eldoret na mimba kubwa, barabara zikafungwa. Huku mtaani kwetu Silanga nyumba zenu mlizozikimbia zimepigiliwa misumari. Siku nzima naongea na sufuria.

Asubuhi Beatrice, aniitaye Shosho kama bibi yake, akaniita: "Shosho, Mwende ametuma picha!"

Nikajifunga kitambaa cha kanisani. (Najua, picha haikuoni.) Nikakaa mbele ya kompyuta. Katikati nikaona kitu kidogo, cheupe, kimejikunja. Mtoto! Nikalia. Nikaita watu: "Njooni muone pua! Pua ya marehemu mume wangu Musyoka, yenyewe!" Omondi akaja na foleni yote ya wateja nyuma yake. Nikawaonyesha hadi masikio.



"Shosho," Beatrice akasema polepole, "hapo hakuna mtoto. Hiyo ni alama tu ya picha iliyokataa kufunguka."

"Na pua je?" Omondi akauliza. Mshenzi!

Beatrice anasomea kompyuta, ana programu aliyoiandika mwenyewe. "Jina la faili mtu anaweza kuweka lolote," akaniambia. "Lakini ndani, alama za kwanza kabisa haziongopi. Picha ina mwanzo wake, sauti ina wake. Programu yangu inasoma hizo, jina haishughuliki nalo." (Nikamwambia ingetufaa pale barabarani, vijana walipokuwa wakituuliza majina wajue kabila. Hakucheka.)

Akabonyeza. "Si picha, Shosho. Ni sauti. Aliyetuma ameipa jina la picha kwa makosa."

Akafungulia spika. Zote!

"Mama, tuko salama. Nimejifungua msichana, tumemwita Kavata kama wewe. Nimekutumia sauti kwa sababu miwani hutaki kuvaa mbele ya watu. Ningetuma picha, ungejifanya umeona."

Kisha mtoto akalia.

Saiba nzima ikapasuka kwa kicheko. Omondi alishikilia ukuta: "Msichana mwenye pua ya mzee Musyoka! Maskini mtoto!" Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikageuka niwashike mikono, kama zamani. Hakuna hata mmoja wenu.

Kwa hivyo msinicheke mkiwa huko mbali. Anayetaka kunicheka arudi anicheke uso kwa uso.