Malaika wa Miguuni na Nafasi ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua kwa nini Daktari wa Meno hunishinda. Si mapafu. Wala si baiskeli, ingawa anaipangusa yake kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ni miguu. Jana kwenye mazoezi ya chama chetu nilikuwa nyuma yake mlima mzima wa tangi la maji, kwa hiyo nilipata muda mrefu wa kuitazama. Inang'aa kama birika. Hakuna hata unywele. Anainyoa! Yangu ni kichaka.

Hili si jambo dogo. Mama Kapteni, muuguzi mkuu mstaafu anayetuongoza, ametangaza kuwa timu ya mbio za kanda imebakiwa na nafasi moja, ya sita. Tunaigombea watu watatu: mimi, Daktari wa Meno na Mwoka Mikate. Jumapili tutapanda mlima wa tangi, wa kwanza anaichukua. Mwoka Mikate simhesabu. Ana kitambi, na miguu yake ina manyoya kama zulia la mlangoni. Ni mimi na Daktari.

Miaka mitatu mfululizo nafasi hiyo imeniponyoka. Mwaka jana nilipewa kushika makoti ya wenzangu. Nilisimama kando ya barabara nimebeba makoti sita kama kigingi.

Nimepiga hesabu. Kila unywele hushika upepo kidogo. Mguu mmoja una nywele hizo, malaika wa mwilini, elfu tano hivi. Kumbe miaka yote hii napanda mlima nimefungua mwavuli.

Mazoezi leo sikufanya. Nilikuwa kwenye hesabu.

Jumanne, 4 Machi

Nimenyoa mguu wa kulia. Huo tu, ili nilinganishe. Mimi ni fundi miwani, na kazini kwetu jicho la kulia hupimwa peke yake na la kushoto peke yake. Sioni kwa nini miguu itendewe tofauti.

Nilijikata mara tatu. Nikatoka kwenda hadi kona ya duka la vipuri na kurudi. Matokeo ni ya kushangaza: baiskeli ilivuta kushoto njia nzima. Maana yake mguu wa kulia sasa una kasi kuliko wa kushoto. Mke wangu alikuwa mlangoni, akasema rimu ya mbele imepinda tangu mwezi uliopita na alishaniambia. Hana moyo wa utafiti.

Wa kushoto nilimpelekea shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni kinyozi. Nikamwambia hii ni siri. Akaapa. Akanikalisha kwenye kiti, akaniinulia mguu juu ya beseni, akanipaka povu, na wateja watatu waliokuwa wakisoma magazeti wakayakunja. Mmoja aliuliza kama ni ugonjwa. Shemeji akajibu kuwa ni baiskeli. Yule mteja akasema pole.

Nilirudi nyumbani na suruali ndefu. Kabla sijakaa, mke wangu akaniambia nipandishe suruali. Siri ya shemeji ilikuwa imetangulia kufika. Nikapandisha. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Baba watoto," alisema, "watu wengine malaika wanawalinda. Wako umewafukuza kwa wembe."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia malaika wa miguuni hawamlindi mtu, wanamchelewesha. Akaendelea kucheka.

Mazoezi hapana. Mikato inawasha.

Jumatano, 5 Machi

Miguu inasikia baridi. Suruali inateleza na kutoa sauti kama karatasi. Kazini nimesaga lenzi mbili vibaya kwa sababu ya kujikuna.

Lakini nimepata wazo, na ni wazo la kutisha kwa uzuri wake. Kwa kuwa nimenyoa, mimi na Daktari sasa tuko sawa. Sawa haitoshi. Je, ikiwa kunyoa kutapigwa marufuku? Daktari atalazimika kufuga nywele, mimi nitavaa soksi ndefu na kunyamaza. Nani atapekua soksi za mtu aliyeleta hoja ya marufuku?

Nimemwandikia Mama Kapteni barua ya kurasa mbili. Nimetumia neno "maadili" mara saba. Nimeandika kuwa mwili ni kama ulivyo, na kwamba mchezo wetu unageuka saluni. Baada ya kuisoma tena nilijionea fahari. Nusura nijishawishi mwenyewe.

Mazoezi kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano umefanyika kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipuri. Watu kumi na wanne, viti tisa. Mama Kapteni akaisoma barua yangu kwa sauti, polepole, kwa ile sauti anayosomea majina ya wagonjwa. Hoja mezani: mpanda baiskeli anyoe miguu au asinyoe?

Sikutegemea vurugu ile. Fundi cherehani alidai mguu ulionyolewa unachakaza bitana. Mwalimu wa hesabu akasema kwa mwendo wetu upepo hauna habari na sisi. Nikamwangalia kwa huruma. Mwoka Mikate alikuwa akila, akasema yeye hajui, ila akinyoa mke wake hatamtambua.

Daktari wa Meno akasimama. Akaeleza kistaarabu kabisa kuwa hanyoi kwa ajili ya kasi. Ni kwamba ukianguka kidonda husafishika, na bandeji haing'oki na nyama. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaona hoja yangu inazama, nikasimama nikapiga meza. Nikauliza, je, tumeanza kupanga kuanguka? Nikasema mimi ninajivunia kila unywele niliozaliwa nao. Nilishangiliwa. Chini ya meza suruali yangu ikatoa ile sauti ya karatasi.

Kura: saba kwa saba. Mama Kapteni akavaa miwani yake na kutoa uamuzi. Hatapiga marufuku kitu. Ila hataki mtu aje kusema ushindi wa Jumapili umeletwa na wembe, kwa hiyo kila mgombea atakuja na miguu aliyo nayo leo hii. Aliyenyoa abaki amenyoa. Mwenye nywele abaki nazo. Ataandika daftarini, na siku hiyo atakagua.

Daktari akapandisha kaptura. Akaandikwa: hana. Mwoka Mikate akaonyesha mguu. Akaandikwa: anazo, nyingi mno. Mimi nilikuwa na suruali ndefu. Mama Kapteni akanitazama, akasema kwa hotuba ile hana haja ya kuniaibisha, ananiandika kwa neno langu.

Ameandika: anazo.

Nimetembea hadi nyumbani nikivuta baiskeli. Nilisahau kuipanda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa kuangalia miguu yangu tangu niamke. Vipele vidogo, kama ngozi ya kuku. Shemeji anasema ataikumbuka hali hii maisha yake yote. Mpaka nywele zirudi kawaida, wiki sita. Nina siku mbili.

Nimejaribu kusugua kwa mafuta ya nywele. Miguu inanukia. Nywele hapana.

Jumamosi, 8 Machi

Jibu lilikuwa sakafuni kwa shemeji muda wote. Nywele! Amezifagia zikajaa mfuko, nikaondoka nazo kama mtu aliyenunua unga. Shemeji aliniuliza za kazi gani. Nikamwambia za mto. Akasema basi huo mto una mvi, maana wateja wake wa leo wengi walikuwa wazee.

Gundi nimechagua ile nyeupe ya karatasi, inayoyeyuka kwa maji. Kwa makusudi. Baada ya mbio naoga tu, ushahidi unakwenda na povu. Mtu mwingine angetumia gundi ya mbao. Ndiyo tofauti ya kufikiri.

Mke wangu aliingia bafuni akanikuta nimepaka mguu mzima na ninaunyunyizia kama mtu anayeweka chumvi kwenye samaki. Hakucheka. Aliketi kwenye ndoo aliyoigeuza, akauliza kwa upole hii nafasi ya sita ina nini hasa. Nikamwambia ukweli: nimechoka kushika makoti. Nataka safari moja tu, kabla magoti hayajaanza kulia, watu waandike jina langu kwenye orodha ya wanaokimbia, si ya wanaosubiri. Kisha akachukua brashi akanipaka sehemu ya nyuma, nisikofika. Alisema tu kwamba mguu mmoja umetoka na mvi na mwingine una nywele nyekundu za mtu aliyepaka rangi. Akajaribu kuzichanganya.

Mke mwema. Nitamtengenezea bomba la jikoni siku moja.

Mazoezi hapana. Gundi ilikuwa haijakauka.

Jumapili, 9 Machi

Ninaandika nimelala, mguu juu ya mito miwili.

Asubuhi Mama Kapteni alitupanga chini ya mlima na daftari lake. Akampita Daktari: sawa. Akampita Mwoka Mikate: sawa, na akasogea hatua nyuma. Akafika kwangu. Akainama. Akakaa ameinama. Akaniuliza kama miaka ya mguu wangu wa kushoto ni sawa na ya mguu wa kulia. Nikasema wasiwasi wa mbio huzeesha. Akaandika kitu. Mpaka sasa sijui aliandika nini.

Tukaondoka. Nilijikaza kisabuni. Robo ya kwanza niliongoza, naapa, niliongoza! Daktari nyuma yangu, Mwoka Mikate nyuma kabisa akihema kama treni. Kisha jua likatoka. Kisha jasho. Gundi inayoyeyuka kwa maji haichagui kama ni maji ya bafuni.

Nywele zilianza kuondoka kwa vishungi. Nikasikia Daktari akipiga chafya nyuma yangu, mara mbili, mara tano. Nikafurahi kidogo, nikadhani mbinu imezaa mbinu. Halafu mguu wa kulia ukajivua wote mara moja, kipande kizima, kama soksi. Kikaingia kwenye mnyororo. Pedeli zikagoma, gurudumu likagoma, mimi sikugoma. Niliendelea peke yangu, baiskeli ikiwa imebaki, mpaka mtaroni.

Goti limechunika na paja limechubuka. Nilikuwa nimekaa kwenye matope nimefunikwa na nywele za wazee nisiowajua. Na Daktari wa Meno akasimama.

Akasimama! Njia ilikuwa nyeupe mbele yake, tangi linaonekana. Akalaza baiskeli, akatoa chupa na mfuko wa dawa, akaanza kunisafisha. Alipofika kwenye zile nywele alizitoa moja moja kwa kibano, bila kuuliza zimetoka wapi. Mwoka Mikate akatupita taratibu, akatupungia mkono, akaendelea kupanda.

Nikamwambia Daktari aende, bado anaweza kumkuta. Akasema tulia. Akafunga bandeji, kisha akaupapasa mguu wangu mahali palipokuwa wazi, akatabasamu.

"Kumbe nawe umenyoa, ndugu yangu," alisema. "Vizuri. Hii ikitoka haitakuuma."

Nilitamani mtaro uwe na kina zaidi.

Tulifika juu wawili, tukivuta baiskeli. Mwoka Mikate alikuwa ameshapigwa picha. Nafasi ya sita ni yake, na ile miguu yake ya zulia. Mama Kapteni aliangalia bandeji yangu, akaangalia nywele zilizobaki zikining'inia, akafunga daftari. Aliniambia, bila ukali hata kidogo, kuwa kasoro yangu haiko kwenye ngozi. Wiki nzima, amesikia, sikupanda mlima hata mara moja. Mwoka Mikate aliupanda kila alfajiri akipeleka mikate.

Daktari naye amekosa kwa sababu yangu. Mwaka wake wa nne huu. Nilimwomba radhi. Alisema yameisha na akanikumbusha nisilowanishe kidonda. Sikuweza kumtazama usoni. Kula nako leo kumenishinda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na akili safi. Maneno ya Mama Kapteni nimeyatafakari kwa kina. Kila alfajiri, alisema. Mikate. Nikajiuliza: muuguzi mzoefu vile, alitaka kunieleza nini?

Nikamtuma mke wangu dukani kwa Mwoka Mikate, aangalie kwa makini. Alirudi na mikate miwili na habari kwamba jamaa anatusalimu na ana furaha kama bwana harusi. Nikamuuliza, na mikono? Akasema mikono ya kawaida. Nikamwambia arudi akaangalie vizuri. Hakutaka. Nikachechemea mwenyewe.

Nilisimama kwenye kaunta dakika kumi nikijifanya nachagua. Na nimeona. Kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye viwiko, Mwoka Mikate hana unywele hata mmoja. Nilimuuliza, akacheka, akasema ni moto wa tanuri, miaka kumi na mitano anauingizia mikono, umeziunguza zote na hazirudi tena.

Mikono! Ndiyo iliyo mbele. Ndiyo inayoupokea upepo kwanza. Sote tulikuwa tunapigania miguu, mimi na Daktari na mkutano mzima, na yeye amekaa kimya anakula.

Nimemwomba aniruhusu kumsaidia tanurini mpaka goti lipone. Amefurahi sana, anadhani nimeguswa na ushindi wake. Naanza kesho alfajiri. Mke wangu anauliza mazoezi ya mlima nitayafanya saa ngapi. Nimemweleza kwa subira kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.