Ulimwengu Miaka Bilioni, Mwanangu Wiki Mbili

Ndugu Mkuu wa Idara ya Fizikia,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, marahaba.

Mimi ni fundi wa nguo, shule nimeishia darasa la saba, lakini nimemzaa binti anayeandika tasnifu juu ya namna ulimwengu ulivyoanza. Mtaani wanamwita Profesa tangu ana miaka tisa, na hawatanii. Jana amerudi na barua ya msimamizi wake: arekebishe kazi yote ndani ya wiki mbili, la sivyo afutwe chuo. Akaniambia, "Mama, nakuomba usimwandikie mtu." Nimemtii. Wewe si mtu hivi hivi, ni Mkuu wa Idara.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimwengu umepewa miaka bilioni kumi na tatu na ushee, na bado haujamaliza kupanuka. Hakuna aliyeuandikia barua.

2. Kazi hiyo ilikaa kwa msimamizi miezi minane. Nilikwenda mwenyewe nikaiona, chini ya chupa ya chai, jalada lina duara la kikombe. Akasema alikuwa anaitafakari.

3. Ameandika kwa wino mwekundu: "Punguza." Apunguze nini? Binti yangu alichukua mpira wangu wa kutia kiunoni mwa sketi, akauwekea vitone vya chaki, akauvuta. Kila kitone kikaachana na mwenzake. "Mama," akasema, "galaksi ndivyo zinavyokwenda." Nikaelewa papo hapo, mimi wa darasa la saba. Wateja wangu nao wanapanuka kila mwaka, na mimi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Sijawahi kumwambia mtu apunguze mwili ili gauni limtoshe.

4. Ameandika tena: "Thibitisha." Lakini binti kaeleza wazi kwamba joto la mwanzo bado limezagaa angani, na kwamba hata zile chenga za televisheni ya zamani, chembe yake ilitoka huko. Miaka yote nilikuwa naipiga kibao televisheni yangu, kumbe naupiga mwanzo wa ulimwengu! Msimamizi anataka ushahidi gani zaidi, cheti cha kuzaliwa?

5. Ameuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini. Binti kajibu kwa adabu, "Haijulikani." Kakatwa alama. Nimeulizia: hata yeye hajui. Ila yeye asipojua unaitwa utafiti, anapewa na ofisi. Mwanangu asipojua unaitwa uzembe.

Kwa hiyo naomba aongezewe muda. Siombi bilioni. Mwaka mmoja tu, afanye kazi kwa utulivu, maana mambo makubwa hayaendi mbio.

Nisalimie walimu wote, na yule katibu aliyenipa kiti, na mlinzi wa getini, suruali yake iko tayari. Msimamizi pia msalimie, kidogo.

Wako mwenye heshima na uchungu wa mwana,
Mama Profesa, fundi wa nguo

N.B. Barua hii imelala siku nne kwenye droo ya cherehani nikitafuta bahasha. Leo binti kaniambia marekebisho kayamaliza yote, kilichobaki ni sahihi yako. Basi ule mwaka ufute. Mahafali ni Jumamosi, ukoo mzima nimeshaualika, na sare nimeshashona. Nataka sahihi kabla ya Ijumaa, na usiniambie kazi ya kisomi inataka muda. Ulimwengu mzima ulianza kufumba na kufumbua, sembuse jina lako.