Saa Yangu Haidanganyi

Jumanne, 3 Novemba

Siku kubwa katika historia ya ukoo wetu. Meneja wa ghala katangaza kuwa kiti cha msimamizi kiko wazi. Atakayekikalia awe na cheti kamili. Watu wote wakanitazama mimi. Au waliitazama saa ya ukutani iliyo nyuma yangu. Vyovyote vile.

Cheti ninacho. Kimepungukiwa na somo moja tu, Jiografia, somo ambalo kwa haki ningelitungia vitabu. Mtihani ni Jumatatu. Nimesajiliwa tangu mwanzo wa mwaka, kimyakimya, mtahiniwa wa kujitegemea. Meneja kasema atanisubiri mpaka matokeo yatoke. Nikifeli, kiti kinakwenda kwa Mzee Mhuri, yule anayegonga mihuri kwenye hati za mizigo kama anaua mende. Cheti chake kimekamilika. Kichwa chake ndicho bado.

Jioni nikaenda kwa dada yangu, fundi cherehani. Mpwa wangu, bintiye, naye ana mtihani huo huo. Anasoma na wenzake wawili juu ya meza ya kukatia nguo. Mmoja ni msichana mrefu, mnyoofu, wanamwita Rula. Wa pili ni kijana anayeomba radhi kabla ya kila neno. Nimempa jina la Samahani na limemkaa.

Nikawatangazia kwamba kuanzia leo nitawasaidia. Mpwa wangu akauliza, nitawasaidia au nitasoma nao? Nikamwambia mwalimu bora hukaa katikati ya wanafunzi. Dada, bila kuinua kichwa, akasema hata aliyefeli mara tatu hukaa hapo hapo.

Dada ana ulimi. Mkasi ungemtosha.

Jumatano, 4 Novemba

Watoto hawa wana sheria. Aliyeelewa hainuki mezani mpaka asiyeelewa naye aeleze kwa mdomo wake. Na hakuna kumcheka mtu kwa swali. Sheria ngumu. Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena. Nimekwenda dirishani kuangalia kama barabara bado ipo.

Nikawasimulia nilivyovuka Ikweta mara saba, enzi zangu za utingo wa lori. Kila mara lori liliruka kidogo, kama linapita tuta. Mara ya saba nilishuka kuutafuta mstari wenyewe. Walikuwa wameshaufuta. Samahani akasema samahani Mjomba, ule mstari ni wa kufikirika tu. Nikamjibu ndiyo maana tuliruka kidogo.

Leo zamu ilikuwa ya longitudo. Rula akachukua mpira uliochakaa, akauzungushia uzi wa dada kutoka juu hadi chini, uzi baada ya uzi. Akasema dunia ikizunguka nyuzi kumi na tano, saa moja imepita. Ukienda mashariki unaongeza, ukienda magharibi unapunguza. Akaandika swali: Ikiwa ni 8:00 katika mji ulio nyuzi 0, ni saa ngapi katika mji ulio nyuzi 45 mashariki?

Samahani akakwama. Mpwa wangu akakwama nusu. Mimi nikaangalia saa yangu ya mkono.

Hapa lazima nieleze. Saa hii nilizawadiwa na mpima ardhi mmoja baada ya kumtoa mtoni kwenye meno ya mamba wawili. (Kwa watoto huwa ni watatu.) Saa za watu wengine, jua likiwa utosini, mshale unasonta kumi na mbili. Kumi na mbili ya nini, wakati kila mtu anajua ni saa sita? Yangu nimeirekebisha. Saa sita inasonta sita. Naona ninachosema, nasema ninachoona. Ile ya ukutani ghalani nayo niliwahi kuirekebisha. Meneja akanipa barua.

Basi, 8:00. Saa nane mchana. Ongeza tatu. Nikaandika 11:00! Rula akaweka alama ya vema, akaipigia mstari chini. Nikaongeza kwamba huko mashariki muda huo watu wanafunga maduka, jua linazama. Wakacheka wote. Wanapenda ucheshi wangu.

Nikamweleza Samahani mpaka akaelewa. Mimi! Dada akasimamisha cherehani kunitazama.

Ijumaa, 6 Novemba

Mzee Mhuri kaniuliza mbele ya wapakiaji, eti makao makuu ya upepo yako wapi. Wakacheka. Nikamwambia ya kwake yako kati ya masikio mawili. Wakacheka zaidi. Lakini moyo umekataa kutulia. Usingizi wa mchana haukuja, na ghalani huwa haukosi.

Jioni zamu ya pepo za dunia. Rula kazichora kwa chaki kwenye kitambaa cheusi. Zinavuma huku, zinapinda kule. Nimerudia mara nne, nimepotea mara tano. Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu akasema taratibu Mjomba, tuna muda. Rula akasema hatuinuki. Mama yake alikuja kumwita akale, akasema nakuja, hakwenda.

Kwa kweli niliona haya kidogo. Haya ikapita, nikapata wazo.

Kofia! Kofia yangu ya ghalani ina bitana pana. Pepo zote zinaenea kwa kalamu ya wino mweusi, na tabaka za dunia zikapata nafasi penye jasho. Mtihanini nitavua kofia kwa heshima, nitaitazama kama mtu anayewaza. Watoto sitawaambia. Wana sheria nyingi mno.

Jumapili, 8 Novemba

Mpwa wangu kaninakilia ratiba kwenye kikaratasi: Jumatatu, Jiografia ya Kwanza, 8:00. Alhamisi, Jiografia ya Pili, 2:00. Nikaibandika ndani ya kabati.

Saa nane mchana. Safi! Asubuhi yote ni yangu: kunyoa, kupumzika, kupitia kofia.

Wakasema kesho twende pamoja, wote wanne, asiachwe mtu. Nikasema mtangulie. Mpwa wangu akauliza nina uhakika? Nikapiga kidole kwenye kioo cha saa. Nikasema hii haijawahi kunidanganya. Ukweli ni kwamba sitaki Rula aikaribie kofia. Yule msichana anaona mpaka nyuma ya mlango.

Jumatatu, 9 Novemba

Nikiandika haya kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa woga.

Saa kumi na mbili unusu asubuhi wakanigongea. Kumi na mbili unusu! Nikawaambia kupitia dirishani kuwa woga ndio unaowaamsha watu mapema. Mpwa wangu akasema Mjomba, tulikubaliana tusiachane. Nikasema napitia kwa kinyozi kwanza. Wakaangaliana. Rula akaniachia penseli iliyochongwa kwenye kizingiti cha dirisha, wakaenda.

Saa mbili na robo niko kwa kinyozi, shuka lake shingoni. Upande wa kulia umeshakuwa jangwa, wa kushoto bado msitu. Namsimulia habari za mamba. Wamefika wanne. Mara dada anapita na furushi la sare za watu, ananiona kwenye kioo.

Sijapata kusikia sauti ile tangu tukiwa wadogo, siku nilipochoma godoro. Akauliza nafanya nini pale. Nikamwambia mtihani ni saa nane, kaandika bintiyo mwenyewe. Akashika kichwa. Kile kilichonyolewa, changu. Akasema ile 8:00 ni saa mbili, ewe mtu, saa mbili asubuhi, dunia nzima inajua isipokuwa mkono wako wa kushoto!

Tukakimbia. Dada na furushi, mimi na shuka la kinyozi linapepea. Mwisho wa kuingia ni saa mbili unusu. Tumefika zimebaki dakika mbili.

Mlangoni msimamizi wa mtihani akasema kofia haziingii. Nikamweleza kuwa kofia hii ni ya kiafya. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka dirishani, mbali. Pepo zangu zote! Ukumbi mzima ukaona jangwa na msitu. Mtu akaanza kucheka. Rula akageuka, akamtazama. Kicheko kikafa.

Baadaye nimeambiwa kwamba Samahani alisimama mara tatu kumwomba msimamizi asilikate jina langu. Samahani mwalimu, yuko njiani. Samahani tena, ni mjomba wetu. Mara ya tatu aliambiwa akisimama tena atatolewa yeye. Kijana mwoga, lakini ana miguu.

Sasa sikiliza bahati. Swali la tisa: Ikiwa ni 8:00 katika mji ulio nyuzi 0, ni saa ngapi katika mji ulio nyuzi 45 mashariki? Lile lile! Nikasikia kalamu tatu zinaandika kwa furaha. Nami nikakaribia kuandika 11:00 kama mjinga. Kalamu ikasita. Si nimetoka kufundishwa njiani, tena kwa makelele? 8:00 ni saa mbili! Mbili ongeza tatu.

Nikaandika 5:00. Kwa tarakimu kubwa. Nikapiga mstari chini.

Jumanne, 10 Novemba

Kinyozi kagoma. Anataka shuka lake kwanza. Shuka dada kalidhani kitambaa cha kazi, keshalikata mifuko ya sare. Ameahidi kushona jingine. Ghalani nimevaa kofia kutwa. Mzee Mhuri kauliza kama natotolesha mayai.

Jioni tukapitia maswali. Swali la tisa wote wameandika 11:00. Maskini! Nikawaonea huruma mpaka nikasimama. Nikawafunulia: 5:00. Dada akaacha kukanyaga cherehani.

Rula hakunicheka. Akavuta mpira wenye nyuzi. Akasema Mjomba, ikisomwa 8:00 ni saa mbili, sawa, na jibu lake ni saa tano. Lakini saa tano hiyo kwenye karatasi huandikwa 11:00. Akarudia. Samahani akarudia. Mpwa wangu akarudia kwa kuchora. Kwa sheria yao hawawezi kuinuka, na giza linaingia, na mama yake Rula kashaita mara mbili. Nikasema nimeelewa, ili watoto wakale. Huo ndio utu uzima.

Mpwa wangu akasema swali moja haliui, karatasi ya pili inaweza kuninyanyua. Kesho watanisomesha ramani. Rula keshafikiri namna ya kupanga vitambaa tabaka kwa tabaka viwe mlima, nione mistari ya mwinuko kwa vidole. Na Alhamisi, akasema, watanipitia saa saba mchana, nisitoke hata hatua moja.

Saa saba mchana! Nikaitazama saa yangu.

Ratiba inasema 2:00. Mtu yeyote anaiona: mbili. Ile ya kwanza walikuwa sahihi, hii wamechanganyikiwa kwa uchovu. Nikibishana nao hatutalala. Afadhali niwatendee kama walivyonitendea. Nitatangulia, nisimame mbele ya msimamizi, nitetee majina yao hadi wafike. Wema haulipwi kwa maneno.

Alhamisi, 12 Novemba

Naandikia hapa, kwenye jiwe nje ya lango la shule. Saa mbili kamili asubuhi. Saa yangu inasonta mbili. Ratiba inasema 2. Vimekutana kama bibi na bwana harusi.

Nimefika wa kwanza! Hakuna kiumbe. Nina penseli ya Rula, rula ya Samahani aliyoniazima jana, na shuka jipya la kinyozi chini ya kwapa. Jana nimepanda mlima wa vitambaa kwa vidole mpaka nikajua penye mteremko mkali hata nikiwa nimefumba macho. Wote watatu walinipigia makofi. Leo sifeli.

Mlinzi wa lango anasema mtihani ni saa nane. Nikamwuliza Jumatatu ulikuwa saa ngapi. Akasema saa mbili, uliandikwa 8:00. Nikamwonyesha kikaratasi nilichobandua kabatini: hii je? Akasema hiyo ni 2:00, kwa hiyo ni saa nane. Nikamhurumia. Nikamweleza kwa upole kwamba nane ni mbili, na mbili ni mbili vilevile. Watunga mitihani wanapenda saa mbili, basi. Amenitazama, kaingia kibandani, kafunga mlango.

Saa mbili unusu. Msimamizi kapita na kikombe cha chai. Nikasimama. Samahani mwalimu, kuna watoto wangu watatu, wako njiani, usiwakate majina. Akasema sawa. Kapita tena. Samahani tena mwalimu. Mara ya tatu kapitia mlango wa nyuma.

Saa tatu. Hawajaja. Siwezi kukaa. Nimezunguka ukuta mara sita.

Saa nne. Mambo yamekwisha. Ni dhahiri mtihani umeahirishwa kwa kukosa watu, na waliokosekana ni wao. Nimejitahidi. Mwakani nitawasomesha upya, bure, nikiwa msimamizi wa ghala. Naanza na somo la saa.

Sasa nakwenda kwa kinyozi, si yule aliyegoma, shuka lake litangoja, bali wa mbali, ng'ambo ya soko, ambako dada hapiti. Nanyoa upande wa kushoto, taratibu, na habari za mamba nitazisimulia zote. Watoto walisema watanipitia nyumbani saa saba. Hawatanikuta, lakini hakuna haraka. Nina siku nzima.